Mtoto anayetumwa dukani: kisa cha mtaa mpya pembezoni mwa Kisumu

Kisa chenyewe

Mtaa ninaousimulia ulijengwa upande wa mashariki wa jiji la Kisumu, pale ardhi inapoanza kulala kuelekea tambarare za Kano. Wenye mradi ni chama cha ushirika ambacho wanachama wake ni walimu, wafanyabiashara wa soko na watumishi wa umma waliochanga kwa miaka mingi. Jina la mtaa, la chama na la kampuni zilizohusika nimeyaacha, na idadi na vipimo nimevisogeza kidogo ili mahali pasitambulike. Mimi nilikuwa msanifu wa mandhari. Kazi yangu ilianzia pale ukuta wa nyumba unapoishia.

Nakiandika kwa ajili ya wasanifu wenzangu, wahandisi na kamati za ujenzi za vyama vya nyumba. Tuliitwa kuchora uwanja wa watoto. Ilichukua Jumamosi moja tu kuona kwamba uwanja ulikuwa sehemu ndogo kabisa ya shida.

Mahali palivyokuwa

Kiwanja ni ekari 7 hivi, na nyumba ni kama 200 katika majengo 9 ya ghorofa 4. Udongo ni ule mweusi wa Kano, unaofura ukinyeshewa na kupasuka nyufa ukikauka, na anayejenga barabara juu yake hana budi kuuchimba na kuutupa, kisha ajaze kifusi na murram, ile changarawe ya barabara. Maji yanauingia polepole mno. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua kubwa hupiga alasiri au jioni kwa ngurumo, na kwa nusu saa kiwanja kizima hugeuka dimbwi kwa sababu mwinamo wake ni mdogo, mita 2 hivi kutoka kaskazini hadi kusini.

Halafu kuna jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa 6 mchana jua liko juu ya utosi karibu mwaka mzima na ukuta hautoi kivuli cha maana. Kivuli kinachofaa wakati huo ni kile kinachotoka juu: mti au paa. Kiwanjani palikuwa na mwembe mmoja mkubwa, wa miaka mingi, na miti minne ya siala.

Mchoro wa kwanza tulioukuta ulikuwa wa kawaida, na nausema hivyo bila kumlaumu aliyeuchora, kwani ndivyo mitaa yetu mingi ilivyo. Barabara ilizunguka kila jengo, na maegesho yalikuwa mbele ya kila ngazi. Mtaro wa maji ya mvua ulikuwa wazi, wenye kuta za zege na kina cha sentimita 90, ukipita katikati. Maduka yalikuwa langoni, yakitazama barabara kuu na steji ya boda boda. Uwanja wa watoto ulikuwa kipande cha mita 12 kwa 15 kwenye kona, mahali ambapo jengo halikuweza kukaa kwa sababu bomba kuu la maji taka lilipita chini yake. Hati ya kazi ilitaja watoto katika mstari mmoja: uwanja wenye bembea na mtelezo, uliozungushiwa ua.

Jumamosi na watoto 23

Tulikwenda kwenye mtaa wa zamani ambako wanachama wengi walikuwa wamepanga. Walikuja watoto 23. Tulipowauliza wangependa nini, walitupa majibu ambayo mtoto humpa mtu mzima aliyebeba karatasi: bembea, bwawa la kuogelea, bembea tena. Baada ya nusu saa hatukuwa na kitu.

Mwenzangu mmoja, mama wa watoto wanne, akabadilisha swali. Akauliza, "Ukitumwa dukani, unapita wapi?"

Hapo wakachuchumaa wote na kuanza kuchora mchangani kwa vijiti. Mmoja alipita nyuma ya choo kwa sababu ya mbwa wa ploti jirani. Mwingine alituonyesha mahali pa kuruka mtaro, na jinsi anavyoweka sarafu mdomoni kwanza ili zisidondoke. Msichana wa miaka 9 alichora kona, akaipigapiga kwa kijiti, akamwambia mwenzangu: "Anti, hapa ukitumwa unakimbia." Ilikuwa kona ambayo boda boda huikata bila kupunguza mwendo. Kwenye michoro hiyo hiyo ndipo michezo ilipojitokeza, bila sisi kuiuliza. Mchezo wa banta huchezwa mbele ya kinyozi, ule wa bladaa kwenye sakafu ya duka lililofungwa, na ule uitwao kati, wa kukwepa mpira, pale njia inapopanuka. Mtoto aliyetumwa kitunguu hurudi baada ya nusu saa, na mama yake anajua sababu. Kwetu mchezo na kutumwa havikai mahali pawili tofauti.

Wiki iliyofuata tulichukua mchoro wa mtaa mpya na kumtuma mtoto wa kalamu kutoka ngazi ya mbali kabisa hadi dukani. Alivuka barabara ya magari mara 3, akavuka mtaro mara 2, kisha akapita katikati ya steji ya boda boda. Tukaenda kiwanjani na futi kamba. Mtoto wa miaka 3 ana kimo cha kama sentimita 95. Tulipiga magoti hadi macho yetu yakafika hapo, nyuma ya pikapu ya mwanakandarasi iliyokuwa imeegeshwa, na aliyeketi kwenye usukani akasema hamwoni hata mmoja wetu.

Tulivyoamua, na sababu zake

Jambo la kwanza lilikuwa magari, na ndilo lililotuchukua miezi. Nilipokwenda mbele ya kamati nilitaja kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, kinachompa mtoto haki ya kucheza na kupumzika, mkataba ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990. Nikataja kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kinachosema maslahi ya mtoto yatangulie. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, akanyamaza. Kisha nikatandaza ramani ya mtoto aliyetumwa. Aliweka kidole kwenye ngazi ya mbali, akakifuatisha polepole, kikakwama kwenye steji. "Mjukuu wangu ndiye anayetumwa," akasema. Tangu siku hiyo alikuwa upande wetu.

Wanachama wenye magari hawakuwa. Walikuwa na hoja mbili, na zote zilikuwa za kweli. Nani atabeba mtungi wa gesi kutoka maegeshoni hadi ghorofa ya 4? Na gari likilala mbali na dirisha langu, asubuhi nitakuta vioo vya pembeni? Kwa hiyo hatukusema tu magari yatoke. Maegesho yote yalihamishiwa ukingo wa kaskazini, kwa sharti kwamba hakuna ngazi itakayokuwa mbali zaidi ya mita 60, kwamba jikoni za majengo mawili ya mwanzo zitazame maegesho hayo, na kwamba taa ziwekwe kabla ya mtu wa kwanza kuhamia. Ndani tukaacha njia za kabro, yaani vitofali vya zege vya kutandika, zenye upana wa mita 4, ili gari la zimamoto na lori la mizigo yapite, zikafungwa kwa vigingi vya chuma vinavyong'oka kwa ufunguo. Wazo si geni duniani. Uholanzi iliziwekea sheria barabara za makazi ambazo gari huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea tangu 1976. Huku kwetu kikomo cha mjini ni kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao mtoto akigongwa uwezekano wa kupona ni mdogo sana kuliko kwa kilomita 30.

Aliyemaliza ubishi ni mkadiriaji gharama. Alionyesha kwamba kila mita ya barabara tuliyoiondoa ilikuwa mita ambayo hatutachimba udongo mweusi zaidi ya nusu mita kwenda chini, kuusomba na kujaza kifusi. Fedha hizo ndizo zilizolipia karibu kila kitu kilichofuata.

Kisha maduka. Maduka ya barabarani hukodishwa kwa bei ya juu na chama kilitegemea kodi hiyo, kwa hiyo hayakuhama. Tuliomba vibanda viwili vidogo ndani, kwenye ua wa kati karibu na mwembe: kimoja cha mama mboga, kingine cha bidhaa za kila siku, yaani mkate, maziwa, sukari, sabuni. Hivyo mtoto anayetumwa asingevuka njia ya gari hata moja. Lengo la pili hatukulitangaza sana: muuza duka na mama mboga hukaa hapo kuanzia alfajiri hadi usiku, na macho yao ni ulinzi ambao ua wa chuma hauwezi kutoa.

Mtaro nao ulinikutanisha na mhandisi ambaye namheshimu mpaka leo. Alikataa kuupunguza kina kwa sababu mwinamo ni mdogo na mvua ni nzito, na kuhusu wingi wa maji hakukosea. Tulichokubaliana ni kuupanua. Mtaro wa zege ukawa mkondo wa nyasi wenye upana wa mita 4 na kina cha sentimita 40 tu, wenye kingo za mlalo ambazo mtoto akiteleza anasimama na kutoka mwenyewe. Nyasi hupunguza kasi ya maji, kwa hiyo nafasi ya kupitisha maji ilibidi iwe karibu maradufu ya ile ya mtaro wa kwanza. Chini yake tukalaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, maana udongo ule haunywi maji. Na tukaweka sharti moja lisilojadiliwa: baada ya saa 48 pasiwe na maji yaliyotuama popote. Ukanda wa ziwa ni wa malaria, na mbu wake hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua, hata alama ya kwato au ya gurudumu humtosha. Toka yai hadi mbu mwenye mabawa ni kama wiki moja au zaidi, kwa hiyo saa 48 zilitupa nafasi ya kukosea kidogo.

Udongo mweusi uliochimbwa kwenye misingi ulikuwa mwingi, na kuusomba ni gharama. Tuliufanya kilima cha mita 2 na nusu karibu na mwembe, tukaufunika kwa udongo mwekundu wa sentimita 30 ili usipasuke, tukapanda nyasi. Kwenye karatasi kiliandikwa kama njia ya kupunguza safari za malori.

Mwembe wenyewe uliponea chupuchupu. Mwanakandarasi alitaka kuukata apate mahali pa stoo ya saruji. Tuliuzungushia ua wa mabati hadi mwisho wa matawi, kwa kuwa mizizi huumia kwa kukanyagwa na malori hata kama shoka halijagusa shina, na tukaandika faini kwenye mkataba.

Bembea na mtelezo zilibaki, kwa kuwa wanachama walikwisha ahidiwa. Kamati ilichagua zitengenezwe na mafundi wa jua kali na ziwekwe mahali pa wazi ambapo wageni watakaokuja kwenye ufunguzi wangeziona. Nilipinga kidogo, nikanyamaza haraka mno.

Miaka miwili baada ya kuhamia

Mtaa ulijaa ndani ya miezi minne, na jioni ya kwanza niliyorudi nilihesabu watoto zaidi ya 60 nje. Karibu wote walikuwa kilimani. Walikuwa wakishuka kwa maboksi yaliyokunjuliwa na vipande vya jerikeni, wanapanda, wanashuka tena. Upande mmoja nyasi zilikwisha kabisa na mvua ikaleta tope. Hakuna mtoto aliyejali, ila mama wanaofua sare za shule walijali sana. Tuliweka magogo ya kupandia upande huo na nyasi zikarudi kwa kiasi.

Mtelezo wa chuma ulikuwa umetazama magharibi. Kuanzia saa 8 mchana bati lake lilichoma mapaja, na mtoto mmoja alitoka malengelenge. Kuanzia siku hiyo ukawa wa kuanikia nguo. Mwaka wa pili ulihamishiwa kwenye kilima, chini ya mwembe, na ukaanza kutumika.

Vibanda vya ndani vilifanya kile tulichotarajia na zaidi. Mama mboga anajua mtoto wa nani ametumwa nini na saa ngapi, na mara mbili amewahi kumrudisha mlangoni mtoto mdogo aliyefika langoni peke yake.

Vigingi vilishindwa mapema. Ufunguo ulikuwa kwa soja wa lango, na soja huombwa: mgonjwa, mzigo, harusi, mvua. Miezi mitatu baada ya watu kuhamia, vigingi viwili vilikuwa vimelazwa kando na boda boda zinapita hadi ngazini, kwa sababu mtu aliyetoka soko la Kibuye na gunia anataka kushushwa mlangoni. Mtoto mmoja aliguswa na kuvunjika mkono. Kamati ilitoa barua, faini na tangazo, na kila kimoja kilidumu wiki mbili. Kilichosaidia ni kubadilisha umbo la njia. Tulijenga viti vya zege na kupanda miti kwa zamu kushoto na kulia, njia ikawa ya kupindapinda kiasi kwamba lori hupita polepole na boda boda haiwezi kwenda mbio. Wakati huo huo tukatenga mahali pa kushushia abiria chini ya paa, karibu na lango, pamoja na mikokoteni miwili ya mizigo.

Mkondo wa maji uliibeba masika ya kwanza bila shida. Kabla ya masika ya pili, sehemu ya mita 15 hivi ilikuwa imezama kwa sababu udongo ulifura na kunywea bila usawa. Maji yalituama siku tano na viluwiluwi vikaonekana kwa macho. Wakazi wakadai mkondo wote ufunikwe kwa zege, na walikuwa na haki ya kukasirika. Tulirekebisha mwinamo, tukatandika mawe bapa sakafuni kwenye sehemu hiyo, na kamati ikakubali kuukagua kila mwisho wa mwezi wakati wa mvua.

Kati ya miche 60 tuliyoipanda mwezi wa Aprili, zaidi ya 20 ilikauka Januari na Februari. Kipindi cha dhamana cha mwanakandarasi kilikuwa cha miezi 6, kikaisha Oktoba, kabla ya kiangazi. Hakuna aliyekuwa na jukumu la kumwagilia.

Na mwembe huo tuliouokoa umevunja vioo vitatu vya madirisha, au tuseme mawe ya kuangulia maembe ndiyo yaliyovivunja. Ulizuka mjadala wa kuukata. Wazee wa mtaa wakaamua maembe yaanguliwe na kijana mmoja mwenye ngoe siku za Jumamosi na kugawiwa watoto wote chini ya mti. Suluhisho hilo lisingenijia hata ningekaa na mchoro mwaka mzima.

Uchambuzi

Kilichobeba mradi huu ni lile swali la kutumwa. Swali la mchezo lilitupa orodha ya vifaa, na swali la njia likatupa mtaa. Tulipoifuata njia ya mtoto mmoja, tuliona kwa wakati mmoja magari, mtaro, duka, kivuli na macho ya watu wazima, mambo ambayo hati ya kazi iliyagawa kwa wataalamu watano wasiokutana. Nadhani swali hilo linafaa katika miji yetu mingi, kwa sababu ni nadra kupata nyumba ambayo mtoto hatumwi.

Vigingi na umbo la njia vinatofautiana kwa jambo moja. Vigingi vilihitaji mtu awe imara kila siku dhidi ya majirani anaowajua kwa majina, naye ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote pale mtaani. Ni mzigo ambao hatukupaswa kumbebesha soja. Njia iliyopinda haimtegemei mtu. Hata hivyo, bila mahali pa kushushia mizigo, nina hakika hata mapindo yangepatiwa ujanja, kwa kuwa hitaji la mama mwenye gunia lilikuwa halijajibiwa. Tulimlinda mtoto tukamsahau mama yake.

Miche ilikufa kwa sababu ya tarehe kwenye mkataba. Mti unaopandwa Aprili huku ziwani unahitaji kuvushwa kiangazi kimoja kwa uchache, viwili ikiwezekana. Sasa naandika matunzo ya miezi 24 kama kazi inayolipwa, tofauti na dhamana ya ujenzi. Mkondo nao ulitufunza kwamba kwenye udongo unaofura vipimo vya siku ya kukabidhi si vya mwaka ujao. Ukaguzi ulipaswa kuwa na mwenyewe tangu mwanzo.

Kosa langu kubwa liko kwingine, na lilinichukua mwaka mzima kuliona. Wasichana wa miaka 10 hadi 14 hawakuwa na mahali. Wavulana wakubwa waliuteka uwanja wa mpira, wadogo wakateka kilima, na wasichana waliketi kwenye ngazi za majengo, mara nyingi wakiwa na mtoto mdogo mgongoni. Nilirudi kwenye kumbukumbu za ile Jumamosi. Kati ya watoto 23, wasichana walikuwa 5, na wote walikuwa wadogo. Tulikwenda saa 10 alasiri, saa ambayo msichana wa umri ule anachota maji, anaosha vyombo au analea. Hatukuwafungia nje kwa makusudi, lakini tulichagua saa ambayo haiwezi kuwa yao. Baadaye tulijenga baraza mbili za zege kivulini, mkabala na vibanda, na kulainisha sakafu mbele yake. Huko sasa ndiko kati na bladaa huchezwa, na mtoto anayelelewa hulazwa kwenye baraza akiwa anaonekana. Ni kazi ya siku nne, na ingeweza kuwepo tangu siku ya kwanza.

Tulimkosea pia mtoto mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Njia zote zilikuwa za mlalo mwepesi, lakini vivuko vya mkondo vilijengwa vikiwa na ngazi moja ya sentimita 15. Ngazi moja inatosha kumzuia. Vimerekebishwa.

Awamu ya pili

Chama kimenunua ekari nyingine jirani na tumeitwa tena. Safari hii tulianza kwa wasichana, na tuliwafuata wanakokuwa: bombani, saa 12 asubuhi, wakati wa likizo. Tuliwauliza njia wanazopita wakitumwa. Walizichora kwenye udongo uliolowa kando ya bomba, na kwenye njia ya vibanda wengi wao walisimamisha kijiti mahali pamoja, nyuma ya jengo la mwisho. Ndipo giza linapoanzia wakitumwa mkate jioni. Wanataka taa.